Siri ya Esta Kule Horombo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rahima alifungua kibanda cha baba yake pale sokoni Mugumu, mkoani Mara. Alifagia vipande vya vitambaa, akaitia cherehani mafuta, kisha akavaa mkoba wake na kukimbia kumpitia Esta. Esta alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Busawe, lakini alikaa mjini kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Walisoma darasa la sita pamoja, na wote wawili walikuwa katika klabu ya mazingira.

Mwaka huo miti iliyopandwa na klabu kandokando ya mto ilishika vizuri sana. Shirika moja la kutunza misitu lilipoiona, likawaalika wanafunzi wanane kupanda Mlima Kilimanjaro katika likizo fupi ya Septemba. Hawakutakiwa kufika kileleni. Wangelala kwenye vibanda vya Mandara, kisha vya Horombo, halafu wapande mpaka kwenye ukingo ambapo kilele cha Kibo huonekana waziwazi pamoja na barafu yake.

Tangu siku hiyo mazungumzo yao yote yalikuwa mlima. Jioni walikimbia kwenye barabara ya kuelekea Ikoma ili kuimarisha miguu, na kila mara Esta alikuwa mbele. Mzee Faraji, baba yake Rahima, aliwashonea wote suruali nzito za blanketi. Esta alikwenda Busawe kumuaga bibi yake. Bibi akawaita majirani, na mbele yao Esta akaahidi kwamba atairudishia Busawe habari ya barafu aliyoiona kwa macho yake mwenyewe.

Siku ya kwanza mlimani, wakiwa na Madam Honoratha, mwalimu wa klabu, na Mwalimu Imrani, walipita katika msitu wenye unyevu, miti yake imefunikwa na ndevu za kijani. Mwongozaji wao, Cleophas, mwenyeji wa Marangu, alitembea mbele kwa hatua fupi kama mtu asiyekuwa na safari.

"Polepole," alisema kila walipotaka kumpita. "Huku hatushindani. Mkisikia kichwa kinauma, au tumbo linakataa chakula, niambieni mapema. Hewa ya juu ni nyepesi, na mwili unahitaji muda kuizoea."

"Mimi siumwi, Anko," alisema Amos, mvulana aliyependa kujigamba. "Sisi tumezaliwa wagumu."

Watoto wakacheka. Esta alicheka kuliko wote.

Siku ya pili waliuacha msitu wakaingia kwenye nyika ya vichaka vifupi na upepo mkali. Walipofika Horombo mawingu yalikuwa chini yao, meupe, yametandaa kama pamba. Rahima alisimama akiyatazama, asiamini kwamba ameyapita. Alipogeuka kumwita Esta, hakumwona. Alimkuta nyuma ya kibanda, ameinama, anatapika.

"Esta! Ngoja nimwite Madam."

Esta alimshika mkono kwa nguvu. "Usithubutu. Ni kichwa tu kidogo. Nikilala kitapoa."

"Lakini Anko alisema..."

"Alisema! Ukimwambia watanirudisha, na nyinyi mtaendelea. Nitamwambia nini bibi? Busawe nzima inasubiri." Macho yake yalijaa machozi. "Wewe ni rafiki yangu au siyo?"

Rahima alimfuta machozi kwa kiganja. "Haya," alisema mwishowe. "Sitasema."

Chakula cha jioni Esta hakukigusa. Polepole alisukuma sahani yake mbele ya Rahima, na Rahima akala wali wa watu wawili.

Asubuhi maji kwenye vidimbwi yalikuwa yameganda. Watoto waliyavunja kwa visigino wakipiga kelele za furaha, lakini Esta alikaa kwenye ngazi ya kibanda, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Cleophas alipita akimuuliza kila mmoja hali yake.

"Niko salama," alisema Esta.

"Jana ulikula?"

"Nilikula."

Cleophas akamtazama Rahima. "Mwenzako alikula?"

"Ndiyo, Anko," alijibu Rahima. Neno lilitoka jepesi, naye akageuka haraka kufunga mkoba wake.

Wakaondoka. Njia ilipanda taratibu kati ya mimea ya ajabu, yenye mashina manene na vichwa kama kabichi kubwa. Kunguru wenye baka jeupe shingoni waliwafuata. Madam Honoratha alikuwa katikati ya msafara. Mwalimu Imrani na Steven, msaidizi wa Cleophas, walifunga nyuma. Mbele yao ukingo ulizidi kukaribia.

"Tukishafika pale juu," alisema Cleophas akinyoosha fimbo, "Kibo mtaiona yote."

Rahima alimgeukia Esta ili wafurahi pamoja. Esta alikuwa amepiga goti, anahangaika na kamba ya kiatu. Vidole vyake viliikamata, vikaiachia, vikaikamata tena. Binti aliyejua kushona vifungo kwa Mzee Faraji alikuwa ameshindwa kufunga kamba.

"Nikusaidie," alisema Rahima.

"Asante, Bhoke," alijibu Esta.

Bhoke lilikuwa jina la dada yake Esta, aliyekuwa Busawe.

Esta alisimama, akapiga hatua mbili, akayumba kama mtu aliyelewa. Rahima alimdaka. Ukingo ulikuwa karibu sana. Sauti za wenzao waliokuwa mbele zilikwisha kuanza kushangilia. Pengine wangeweza kufika, waone, kisha ndipo aseme. Wazo hilo lilimpitia, na papo hapo akaliogopa.

"Madam!" alipiga kelele. "Madam, Esta anaumwa! Anaumwa tangu jana! Alitapika, na chakula chake nilikula mimi!"

Cleophas alirudi mbio. Alimwambia Esta atembee kwa kufuatisha mstari alioukwaruza ardhini. Esta alishindwa. Mwongozaji hakuuliza la pili; akampa Steven mzigo wake na kumbeba Esta mgongoni.

"Huyu anashuka sasa hivi," alimwambia Madam Honoratha. "Dawa yake ya kwanza ni kushuka."

"Twende," alisema Madam. "Mwalimu Imrani, wewe na Steven endeleeni na watoto. Rahima, unaweza kwenda nao. Kuna mwendo mfupi tu."

Rahima aliutazama ukingo. Kisha alimtazama Esta, aliyekuwa akinung'unika mgongoni mwa Cleophas, "Umenisaliti, Rahima. Umenisaliti."

"Nitashuka naye," alisema.

Walipofika Horombo, askari wa hifadhi waliwapa machela yenye gurudumu moja. Wakashuka nayo kwa kasi, Rahima akikimbia pembeni, ameushika mkono wa rafiki yake ambao haukumjibu. Nyika ikaisha, miti ikarudi, hewa ikawa nzito na yenye harufu ya udongo. Walipofika Mandara na kumlaza kibandani, Esta alifumbua macho.

"Nina kiu," alisema. Baada ya kunywa, akauliza, "Rahima, mbona uko huku? Umeiona barafu?"

"Sijaiona."

Esta aligeuza uso ukutani mwa kibanda na kulia kimyakimya. Safari hii mkono wake uliubana wa Rahima, haukuuachia.

Wenzao walifika jioni wakiwa wamechoka na nyuso zimeungua kwa jua. Madam Honoratha aliwakusanya mezani. Esta, akiwa amejifunika blanketi, alisimama mwenyewe.

"Nilidanganya," alisema. "Na nilimlazimisha Rahima adanganye. Nilifikiri atakayeniharibia safari yangu ni yeye."

"Na mimi nilimdanganya Anko Cleophas," alisema Rahima akiinamisha kichwa. "Ningesema jana, asingefika pale."

Madam hakuharakisha kuwafariji. "Ni kweli, Rahima, ulichelewa," alisema. "Lakini ulisema wakati kusema kulikuwa kunakugharimu, na ndiyo maana Esta yuko hapa anakunywa chai. Sikilizeni, wanangu. Kuvumilia ni jambo jema, kwa sababu bila uvumilivu hamngefika hata hapa. Ila kuficha ugonjwa si kuvumilia. Ni kuwanyima wanaokupenda nafasi ya kukusaidia. Na rafiki akikuomba utunze siri inayoweza kumuua, hiyo siyo yako kuitunza. Mwambie mtu mzima, hata kama rafiki atakununia. Aliyenuna anaweza kupatanishwa."

Kesho yake walishuka msituni wakielekea lango la Marangu. Esta alitembea mwenyewe, taratibu. Madam alitaka daktari amwone kabla ya safari ya kurudi Mara. Hawakuwa wamekwenda mbali Amos aliposimama katikati ya njia. Alitazama chini, akajikuna shingo, akakohoa.

"Madam," alisema kwa sauti ndogo, "goti langu linauma. Tangu jana."

Hakuna aliyecheka. Esta alikuwa wa kwanza kuutua mkoba wake.

"Asante kwa kusema, Amos," alisema Madam Honoratha. "Haya, tukae chini sote. Tumsubiri mwenzetu."