Mkuki wa Mshazari

Daftari lenye miraba lilikuwa limebaki moja tu dukani, na mikono miwili ikalishika kwa pamoja.

Ilikuwa Jumamosi, Januari ya mwaka 1956, na duka la vitabu pale Usagara lilijaa wazazi waliokuja kununua vifaa vya shule. Mkono mmoja ulikuwa wa Noa, mchora ramani wa ofisi ya upimaji, aliyevaa kaptula nyeupe iliyokazwa kwa uwanga na soksi zilizofika magotini. Wa pili ulikuwa wa Ruthi, fundi wa kudarizi. Alivaa gauni la samawati lenye mkanda mwembamba, na kolani alikuwa amechomeka sindano yenye uzi mwekundu. Ruthi alimuuliza mgeni huyo daftari analitakia nini.

"Vita," alisema Noa.

"Mimi maua. Basi tulikate katikati."

Wakaazima mkasi wa mwenye duka. Mkasi uliporudi mezani, Noa alikuwa amekwisha kujua kwamba Ruthi anaishi Makorora kwa baba yake mdogo, mzee Timotheo, na anadarizi mashuka katika duka la Bi Sabiha. Ruthi naye alijua kwamba kijana huyu hajui kuaga.

Vita vyenyewe vilikuwa mchezo aliouzua Noa. Alichora miraba juu ya ubao, akatengeneza mashujaa na majini kwa vizibo vya chupa. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake, akimsemea na kumpigania. Noa aliyachezesha majini na kuamua nani kapigwa. Upanga ulimfikia adui wa mraba wa jirani. Mkuki ulifika miraba miwili, ila mwenye mkuki akisogelewa ubavuni hakuweza kuutumia. Sheria zilijaza nusu yake ya daftari, na kila Jumapili mchana, barazani kwake Chumbageni, ziliongezeka.

Ruthi aliupenda mchezo, akampenda na mwenye mchezo. Tatizo likaja hapo. Kila alipomuuliza lini atamtuma mshenga kwa baba mdogo, Noa alimwambia asubiri kidogo, laazizi, sheria zikikamilika atatulia na kupanga mambo ya maisha. Ikapita Pasaka. Ikapita Krismasi. Katikati yake karani mmoja wa shamba la mkonge, Ernesti, akaleta posa yake bila kuchora mraba hata mmoja.

Jumapili moja jini la Noa lenye mkuki lilisimama kwa mshazari na shujaa wa Ruthi, kona kwa kona, umbali wa miraba miwili. Noa akatangaza kwamba mkuki umefika, Ruthi amekufa.

"Haujafika," alisema Ruthi.

"Miraba miwili, Ruthi. Hesabu."

Ruthi akauchomoa uzi wake mwekundu, akaupima miraba miwili ya kwenda moja kwa moja, akaukata. Kisha akaulaza kwa mshazari. Uzi ukaishia njiani, mbali na shujaa wake. Akaeleza kwa utulivu kwamba kila fundi wa kudarizi anajua: mshono wa mshazari hula uzi zaidi. Mkuki haurefuki kwa sababu mwenye nao kageuka pembeni.

Fanueli, mchezaji mwenzao aliyefanya kazi ofisi moja na Noa, akacheka. Noa akaona haya, na haya zikamponza.

"Hii ni vita," alisema. "Si foronya."

Ruthi akakunja uzi wake, akachukua mkoba na kuondoka bila kuaga.

Jumatano Noa alipiga simu dukani. Bi Sabiha akajibu kwamba Ruthi ana kazi. Akapiga tena, akaambiwa anakunywa chai. Mara ya tatu Bi Sabiha alichoka na wote wawili, akamtia Ruthi simu mkononi.

"Sheria zako zimeisha?" aliuliza Ruthi.

"Bado kidogo, mpenzi."

"Baba mdogo anamjibu Ernesti Jumapili hii, baada ya ibada."

"Kwa hiyo?"

Ruthi aliitazama simu kana kwamba ndiyo iliyomzaa Noa. "Kwa hiyo endelea kuhesabu miraba," alisema, akakata.

Usiku ule Noa hakulala. Jumamosi akaandika barua ya posa, na kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine, akaiandika kwenye ukurasa wa daftari. Akachana ukurasa, akaukunja, akautia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kumkabidhi Fanueli awe mshenga wake.

Jumapili, sebuleni Makorora, Fanueli alitoa shikamoo, akaketi pembeni ya mkeka na kutoa bahasha. Ruthi alikuwa nyuma ya pazia. Mzee Timotheo akavaa miwani na kusoma kwa sauti, kama ilivyo desturi.

"'Mkuki ukielekezwa kwa mshazari utafika mraba mmoja tu.'" Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "'Uzi umepima, nami nilikosea. Sheria hii itaitwa sheria ya Ruthi, na haitabadilishwa.'" Akavua miwani. "Fanueli, huyu bwana anataka mke au anataka kupigana?"

Fanueli alitamani mkeka ummeze. Nyuma ya pazia Ruthi aliziba mdomo kwa kanga, akicheka huku machozi yakimtoka. Miezi kumi na moja alikuwa akingoja barua, na iliyokuja ilikuwa hii.

Mlango ukagongwa. Noa aliingia akihema, soksi moja imeshuka, mkononi ana karatasi nyingine ya miraba. Alikuwa amefungua daftari nyumbani na kuikuta posa yake bado imo ndani; alichochana kilikuwa ukurasa wa sheria.

"Shikamoo, mzee. Ile siyo. Ndiyo hii."

"Marahaba. Mwenye posa haji mwenyewe," alisema mzee Timotheo kwa uchovu. "Ndiyo maana kuna mshenga."

"Najua, mzee. Nimekaa mbali muda mrefu mno."

Mzee akamtazama, akashusha pumzi, akamwita Ruthi atoke. Alimwambia kwamba ana jibu la kumpa Ernesti leo hii, na kabla ya hapo anataka kujua yeye mwenyewe anasemaje.

Ruthi akamsogelea Noa hadi wakabaki wamesimama ubavu kwa ubavu. Akainama, akampandisha soksi.

"Ile ya kwanza nimeikubali, baba mdogo," alisema. "Hii ya pili aisome yeye mwenyewe, mbele yetu, neno kwa neno. Naye apate taabu kidogo."