Wagonjwa Wasiokufa

— Fundi, kwa nini wagonjwa wako hawafi?

Nilikuwa chini ya meza kwenye chumba cha kompyuta, nachomeka waya. Kunyanyuka tu, nikagonga kichwa. Sista alisimama mlangoni na karatasi za matokeo, kanuna kwelikweli.

— Hawafi vipi, mpenzi?

— Hilo "mpenzi" kaa nalo hapo hapo! Wanafunzi arobaini, wote mia kwa mia. Hata yule tunayemwita Usingizi, wa dawati la nyuma! Leo nimecheza mwenyewe. Nimemwacha mtoto ana degedege, sijamgusa. Akapona!

Yeye ni nesi, anafundisha uuguzi hapa chuoni, mimi naandika programu. Tulitengeneza gemu pamoja: wodi ya vitanda vinane na muuguzi mmoja wa zamu, mwanafunzi, anayeamua amhudumie nani kwanza. Akichelewa, mtu anafariki. Tulibishana miezi sita, mpaka juu ya rangi ya mablanketi, na katikati ya ubishi huo tukapendana. Jumamosi nilikuwa niende kujitambulisha kwa mama yake. Jumatatu wanafunzi walikuwa waingie hospitali ya kweli.

— Nilizima vifo, nikasema.

— Ulizima nini?

— Siku ya kwanza kuijaribu, mgonjwa wako alifariki ukalia mpaka ukatoka nje. Roho iliniuma. Nikazima kwenye akaunti yako tu. Kumbe nimezima kwa wote.

— Uligundua lini?

Nikaweka waya mezani.

— Wiki tatu zilizopita. Ulikuwa unacheka, wanafunzi wanashangilia... nikanyamaza.

— Nililia kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpoteza mgonjwa. Kumkumbuka ndiko kunakonifanya niwe makini. Umetaka kunifuta machozi, umewafuta wanafunzi arobaini akili!

Akaondoka. Hata dakika kumi hazijapita, ujumbe wake ukaingia kwenye simu.

"Jumamosi usije. Nitamwambia mama umesafiri."

Jamani, nilimpenda yule mwanamke. Nikapanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa chuo.

— Sista anajua kuwa uko hapa? akaniuliza, baada ya kunisikiliza.

— Hajui. Na hakuhusika, mzee. Kosa ni langu.

— Basi usiniambie mimi peke yangu. Kawaambie wanafunzi.

Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya darasa. Sista alikuwa nyuma kabisa, amekunja mikono.

— Nimewadanganya, nikasema. Mia zenu ni za bure. Gemu haikuwaruhusu kukosea. Jana nimeirekebisha. Tuanze upya.

Wakaguna, wengine wakanizomea. Lakini robo saa haikuisha, chumba kilikuwa kimya. Usingizi akanyoosha mkono, macho mekundu.

— Sista, mama wa kitanda cha tano amenifia. Nilimwona anahema, nikasema nitarudi.

Sista akavuta kiti, akakaa naye.

— Pole, mwanangu. Haya, turudi mwanzo. Ulipomwona anahema, ulihesabu pumzi zake?

— Sikuhesabu.

— Sasa hesabu. Mimi niko hapa.

Akazunguka meza moja hadi nyingine namna hiyo hadi saa sita. Darasa lilipotawanyika, akakaa kwenye kompyuta akacheza mwenyewe. Alifanya kila kitu sawasawa, lakini yupo mgonjwa ambaye hata muuguzi bora hamwokoi; tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Huyo akafariki. Machozi yakamtoka.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi ya kuzima vifo. Nikaurudisha. Nikaketi pembeni yake.

Akalia mpaka akatosheka. Kisha akanitazama.

— Leo huzimi?

— Sizimi. Nakaa na wewe.

— Ndivyo nilivyotaka unipende, bwana. Hivi tu.

Akafuta uso kwa kiganja, akachukua simu.

— Mama, shikamoo. Yule fundi hajasafiri, nilikudanganya. Alinikosea... Ndiyo, sana... Hapana, hakujitetea. Ameungama mbele ya darasa zima.

Akasikiliza kitambo, akaanza kucheka.

— Anasemaje? nikauliza.

— Anasema baba yangu ilimchukua miaka kumi na miwili kukubali kosa moja. Jumamosi uje mapema, anataka kukuona kukiwa bado na mwanga wa kutosha.