Maharage Nyumbani kwa Muuza Nyama

Mzee Kisu aliuza nyama tangu ujana hadi mvi zikamjaa kichwani. Alipochoka, kijana wake alishika bucha. Kila jioni kijana aliwaletea wazazi nyama yenye mafuta mengi. Waliila kwa mkate mweupe, wakashushia soda. Maharage hayakupita mlangoni.

"Majirani wakisikia harufu ya maharage hapa," mzee alizoea kusema, "watadhani bucha imefilisika."

Jioni moja alirudi kutoka matembezini. Mkewe alimtazama miguuni.

"Baba watoto, ndara yako nyingine iko wapi?"

Mzee aliinama. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, kidole kinavuja damu. Hakuwa amehisi chochote.

Mkewe alimwita jirani yao, muuguzi wa zahanati. Muuguzi alisafisha kidole, akampima sukari.

"Iko juu sana, baba. Sukari ikizidi siku nyingi, miguu hufa ganzi. Unaumia hujui, kidonda kinaoza, mwisho mguu unakatwa."

Mzee aliitazama miguu yake. Miguu ile ndiyo iliyomsimamisha mbele ya gogo la kukatia nyama maisha yake yote.

"Basi nipe dawa."

"Kesho njoo zahanati upimwe vizuri, upewe dawa. Lakini ukiendelea kula nyama ya mafuta kila jioni, dawa itashindwa. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe maharage, kunde au dengu. Robo iwe nafaka isiyokobolewa. Nyama ni kipande kidogo kisicho na mafuta, tena siku mojamoja. Soda acha kabisa."

"Maharage ni chakula cha shida."

"Kwani mama yako alikulea kwa chakula gani?" mkewe alidakia.

Mzee alicheka kidogo. Alikiona chungu cha mama yake kikitokota taratibu, kitunguu kikinukia, wao watoto wamekizunguka kama paka.

"Nyama tuliionja wageni walipokuja," alisema. "Na ng'ombe walilishwa hapo tu, kando ya kijito. Siku hizi wanatoka mbali kwa lori. Kijito chenyewe kimekauka."

"Ndiyo hayo, baba," muuguzi alisema. "Tumekuwa wengi, na kila mtu anataka nyama kila siku. Misitu inakatwa kupata malisho. Ng'ombe wanataka maji mengi, na gesi wanayocheua inaongeza joto duniani. Maharage yanataka ardhi kidogo, tena yanarutubisha udongo. Chakula kinachokufaa wewe kinaifaa na ardhi."

"Unataka mwanangu afunge bucha?"

"Nataka ubaki na miguu miwili."

Kesho yake, baada ya zahanati, mkewe alibandika maharage. Alipotaka kufunga dirisha, mzee alimzuia.

"Acha wazi. Mwenye la kusema aje ale."

Miezi ilipita. Sukari ilishuka. Ganzi haikuisha yote, lakini kidole kilipona, na kila jioni mzee alikagua nyayo zake. Alianza tena kutembea hadi bucha, sasa kwa viatu vya kufunika vidole.

Siku moja alimkuta huko rafiki yake wa zamani, seremala, akiagiza kilo mbili zenye mafuta.

"Kilo mbili za nini?" mzee alimuuliza. "Wewe na mkeo mna meno manne. Chukua robo, ukaongezee maharage."

Kijana aliweka kisu chini. "Baba, unanifukuzia wateja."

"Sikufukuzii, mwanangu. Nataka uzeeni waendelee kuja kwa miguu yao."