Wifi Kanyshai Alipima Mapema

Kila asubuhi kabla ya shule nilikamua ng'ombe, nikachota maji mferejini, nikawasha jiko la samadi. Kijijini kwetu, huku milimani Naryn, kazi hizo ni za mke wa mwana. Lakini wifi yangu Kanyshai, mke wa kaka, alikuwa hoi. Akisikia harufu ya mafuta ya kondoo anakimbilia nje. Nilichoka jamani, hata darasani nilisinzia, na nilimkasirikia.

"Bibi harusi bado yuko fungate, mvivu huyo," mama alisema akimimina chai. "Au ana minyoo. Zuura, mpelekee dawa hii aimeze yote."

Nilimkuta Kanyshai amejilaza, macho mekundu.

"Wifi, si una mimba wewe?" nilimnong'oneza.

"Nilidhani hivyo. Nikapima mkojo kwa siri, ukatoka mstari mmoja, yaani sina. Basi ni uvivu tu, kama anavyosema mama."

"Ulipima lini?"

"Zamani kidogo. Matiti yaliniuma, nikashindwa kungoja. Hata siku zangu zilikuwa hazijafika."

"Na zilifika?"

Akatikisa kichwa. "Mpaka leo bado. Usimwambie mama, naona haya."

Kwetu mke wa mwana hamtajii mama mkwe mambo hayo. Na mimi, kusema kweli, nilitaka ameze dawa apone, nami nilale. Lakini nesi Batma wa zahanati alituonya shuleni kwamba anayehisi ana mimba asimeze dawa yoyote bila kuuliza. Nikamrudishia mama dawa.

"Sikumpa, mama. Siku zake zimechelewa."

"Wewe mtoto, mambo ya wakubwa umeyajulia wapi?"

"Shuleni."

Mama aliiweka dawa kabatini.

Kesho yake asubuhi tulikwenda zahanati sote watatu. Kanyshai alipima tena, na safari hii ikatoka mistari miwili.

"Mara ya kwanza ulipima mapema mno," nesi Batma alimwambia. "Mimba ikiwa changa sana, kipimo hakiioni. Ngoja siku zako zichelewe, upime kwa mkojo wa asubuhi. Kikisema hapana na siku bado hazijaja, rudia baada ya siku chache."

"Nami nilikuwa namwita mvivu, nikataka ameze dawa ya minyoo," mama alisema polepole.

"Wewe ulikisia, yeye akaona haya, na dawa ile ingeweza kumdhuru mtoto," nesi alijibu. "Mtu akichoka hivi, muulizeni kabla ya kumlaumu. Na mwenye siri ya mwili wake aiseme mapema. Zuura amefanya vizuri kusema."

Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni mama alimgeukia Kanyshai.

"Unatamani kula nini, mwanangu?"

Tangu aolewe, Kanyshai alikuwa akimjibu mama kwa kuinamisha kichwa tu. Sasa alimtazama usoni.

"Kabichi ya chumvi, mama."

Mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa majirani kuitafuta.