Tharsisi Bado Hajawa Mwalimu

Duka langu liko Makere, kando ya barabara ya kwenda Kasulu. Nauza sukari, chumvi, sabuni na daftari za shule. Asubuhi wanafunzi wakipita, nawaona wote. "Shikamoo Mama Kuruthumu!" Wazee wao wananisalimu kwa Kiha. Wanainama na kupiga makofi polepole, "Mwakeye." Mimi ni mtu wa Ujiji, huku niliolewa tu. Lakini nimeshazoea. Siku hizi hata mimi nainama na kupiga makofi.

Jirani yangu ni Mama Tharsisi. Ni mjane, analima maharage na mihogo. Mtoto wake ni mmoja tu, ndiye huyo Tharsisi. Kijana mpole, na kichwa chake chepesi kwa hesabu. Alifaulu, akaenda chuo kikuu Dodoma kusomea takwimu. Hapa mtaani hatukujua takwimu ni kitu gani. Tulijua tu kwamba anasoma digrii, na mwenye digrii kwetu ni mwalimu. Basi.

Alipomaliza mwaka wa pili alirudi likizo. Sekondari ya kata haikuwa na mwalimu wa hesabu. Wazazi wakamwomba awasaidie watoto, naye akakubali. Jamani, yule kijana anafundisha! Watoto waliokuwa wanakimbia hesabu walianza kuja dukani kununua rula.

Wazazi hawakuwa na mshahara wa kumpa. Walimpa heshima. Baada ya mavuno kila nyumba ilipeleka maharage kwa mama yake. Halafu wakambadilisha mama jina. Hakuna aliyemwita tena Mama Tharsisi. Akawa Mama Mwalimu. Kanisani walimpisha akae mbele. Harusini alipakuliwa kwanza. Wazee walimwinamia na kumpigia makofi, mjane ambaye zamani walimpita kama hawamwoni! Nani angekataa?

Likizo ilipokwisha, wazazi walimfuata Tharsisi nyumbani. Mbele yao alikuwa Melkiadi, mwenyekiti wa wazazi. Melkiadi akianza kuongea ni kama redio, huwezi kumjibu.

"Mwalimu, usituache," alisema Melkiadi. "Ukiondoka, watoto wetu ndio basi tena."

"Mzee, mimi bado nasoma," Tharsisi alisema. "Nimebakiza mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja ni nini? Subiri hapa hapa. Nafasi za ualimu zikitoka, wanaojitolea wanachukuliwa kwanza. Wewe tayari umo ndani!"

Tharsisi alimtazama mama yake. Mama aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwana wanje, mwanangu, watu wametuheshimu."

Wallahi, hapo ndipo kijana alipofungwa. Aliomba chuoni aahirishe mwaka, wakamkubalia. Walimwambia masomo yakifunguliwa mwaka unaofuata lazima arudi. Asiporudi, nafasi yake imekwenda. Hilo hakumwambia mtu wakati ule.

Mwaka ukapita. Nafasi za ualimu zikatangazwa. Asubuhi na mapema Tharsisi alipanda bodaboda kwenda Kasulu mjini kuomba kazi. Mama yake hakuweza kunyamaza. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mwanangu ameenda kuchukua kazi!" Melkiadi akaongeza chumvi yake. Kufika saa sita mchana, uwanja wa Mama Mwalimu umejaa watu. Ndizi zinapikwa, maharage yanachemka, pombe ya ndizi imeletwa. Mimi nilipeleka soda, kwa sababu pombe yao siinywi. Wanawake waliimba. Mama Mwalimu alivaa kitenge chake cha Krismasi.

Tharsisi akarudi. Alishuka kwenye bodaboda, akasimama pale njiani. Watu walipiga vigelegele. Melkiadi akamshika mkono, "Haya Mwalimu, tuambie, umepangiwa shule gani?"

Kijana aliutoa mkono wake kwa Melkiadi.

"Sikuweza hata kuomba," alisema. "Mtoto wa steshenari, pale wanapojaza maombi kwenye kompyuta, aliniuliza, cheti chako cha ualimu kiko wapi? Sina. Akaniuliza cha digrii. Nacho sina. Akaniambia, kaka, wewe huna sifa. Mimi si mwalimu. Sijawahi kuwa mwalimu."

Nyimbo zilikatika. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine na sahani zao za chakula. Loo, binadamu! Hata aibu hawana. Mama Tharsisi alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake cha Krismasi, akalia kwa sauti kama msibani. Nilimwita, hakunisikia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya sana. Mama hakwenda kanisani. Hakwenda kisimani, watoto wangu walimpelekea maji. Kisimani walisema amewadanganya watu ale maharage yao. Hayo maharage waliyamimina wenyewe! Nilimfukuza mmoja dukani kwangu kwa maneno hayo, na sikujali kama atarudi.

Tharsisi naye aliacha kwenda shule. Alishinda amelala, uso ukutani. Nilimwuliza, "Chuo kinafunguliwa lini?"

"Mwezi huu huu, na nisiporudi nafasi yangu imekwenda," alisema. "Siendi. Nirudi kufanya nini? Nitaenda machimboni kuchimba dhahabu. Huko hawaulizi sifa. Maisha yangu yameshaharibika, Mama Kuruthumu."

Niliogopa. Machimboni wameenda vijana wa huku, wengine wamerudi wamefunikwa.

Nilimpigia simu mdogo wangu Safina. Yeye anafundisha sekondari kule Kibondo. Hakuanzia ualimu, alisoma digrii ya lugha kwanza. Nilimwambia aje haraka. Safina akaja na basi la Kibondo. Hakula hata chakula changu, alikwenda moja kwa moja kwa jirani.

"Inuka ukae, mdogo wangu," alimwambia Tharsisi. "Sikuja kukubembeleza. Nani alikwambia kujitolea kunatosha?"

"Wazazi."

"Wazazi ndio wanaoajiri?"

Tharsisi akainuka, akakaa.

"Sikiliza," Safina alisema. "Kufundisha sekondari kuna njia zake. Wako wanaosoma digrii ya ualimu tangu mwanzo. Hao wakimaliza na kufaulu wana sifa. Wako waliosoma digrii nyingine, kama mimi na kama wewe. Sisi tunamaliza digrii kwanza. Kisha tunasoma stashahada ya uzamili ya ualimu. Huko unafundishwa namna ya kufundisha, na unapelekwa shuleni kwa mazoezi. Ukifaulu hiyo ndipo unaomba kazi."

"Na shule za watu binafsi?" Mama Tharsisi aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema tangu siku ile.

"Nazo zinatakiwa kuajiri mwenye sifa, mama. Na kingine wanachoangalia ni somo. Unafundisha ulichosoma chuoni. Tharsisi anasoma takwimu, hesabu zimo ndani yake. Hapo ana bahati. Lakini kabla ya kulipia kozi aulize chuo chenyewe kama masomo yake yanakubalika. Asimwulize Melkiadi!"

Nilicheka. Wao hawakucheka.

"Kwa hiyo mwaka wangu wote nimeupoteza," Tharsisi alisema.

"Umeupoteza," Safina alijibu. Hakumficha. "Mwanafunzi wa chuo anaweza kusaidia shule wakati wa likizo. Anaweza kufundisha tuisheni. Ni vizuri, unapata uzoefu, na watoto wanafaidika. Ila ajira ya ualimu siyo hiyo, na hupaswi kuacha masomo yako kwa ajili yake."

"Nikimaliza yote hayo, kazi nitapata?"

Safina akakaa kando yake. "Sijui. Waombaji ni wengi, na kuna usaili. Wapo wenye vyeti vyote na bado wanasubiri. Mimi mwenyewe nilisubiri mpaka nikakata tamaa. Lakini bila vyeti hutaitwa hata kwenye usaili. Na usiporudi chuoni mwezi huu, hata digrii huna."

Tharsisi alilia kama mtoto mdogo. Mama yake alimwangalia muda mrefu. Halafu akasimama, akajifunga kanga, akatoka bila kutuaga.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Tulimfuata mbio. Tulimkuta amesimama mbele ya watu.

"Msiniite Mama Mwalimu," alisema. "Mimi ni Mama Tharsisi. Mwanangu ni mwanafunzi. Anarudi chuoni."

"Na watoto wetu?" Melkiadi aliuliza. "Nani atawafundisha hesabu?"

"Sijui," alisema Mama Tharsisi. "Nendeni kwa afisa elimu mkadai mwalimu. Msidai kwa mwanangu."

Hakuna aliyempigia makofi. Mwanamke mmoja alisonya. Alipita katikati yao akatoka, na mimi nikatembea naye, maana mtu hawezi kuachwa peke yake saa kama ile.

Tharsisi aliondoka wiki ile ile. Chuo kilimpokea, siku za kuripoti zilikuwa zimekaribia kwisha. Alimaliza digrii yake. Sasa anasoma stashahada ya uzamili ya ualimu, baada ya kuuliza kwanza na kujibiwa kwamba masomo yake yanakubalika. Yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, na anafundisha hesabu chini ya mwalimu anayemsimamia. Ajira bado hana. Anajua anachosubiri, na anajua kwa nini anasubiri.

Hapa Makere wazazi walikwenda kudai, wakarudi, wakaenda tena. Mwalimu wa hesabu alikuja, lakini alichelewa. Watoto wale aliowaacha Tharsisi walifanya mtihani wa taifa bila kufundishwa. Wengi walipata sifuri kwenye hesabu. Binti wa Melkiadi ni mmoja wao. Siku hizi anamsaidia mama yake kuuza mihogo sokoni, na Mama Tharsisi akipita pale, binti hamsalimu.

Juzi tulikuwa tunapukuchua maharage uwanjani kwake. Nilimwuliza, "Jirani, unajuta?"

Alipepeta ungo wake, akaushusha.

"Kwa mwanangu sijuti," alisema. "Kwa wale watoto nalia mpaka leo."