Paja la Kuku Asubuhi ya Upasuaji

Katika wodi ya watoto ya hospitali moja mjini Singida, kila asubuhi ilianza na Sista Luciana. Aliingia na kipimajoto mkononi, akasalimia kitanda hadi kitanda, akiwafunua mashuka wale wanaojifanya bado wamelala. Akifika kitanda cha dirishani alisimama kidogo, maana hapo palikuwa na mgonjwa aliyejifunika gubigubi, lakini miguu yake mirefu ilichungulia nje.

Mgonjwa huyo alikuwa Manase, kijana wa miaka kumi na tatu kutoka Mgori. Alikuwa amevunjika mkono wa kushoto, ila kilichomuuma zaidi ni kulazwa na watoto. Ukutani juu ya kichwa chake walichorwa bata waliovaa kofia. Jirani yake, Emilian, alikuwa na miaka mitano na alisubiri kupasuliwa ngiri. Manase akikohoa, Emilian naye alikohoa ili wafanane.

"Sista, mimi si ningepelekwa wodi ya wanaume?" Manase alilalamika.

"Ndevu zikiota, niite," Sista Luciana alimjibu huku akimpachika kipimajoto kwapani. "Haya, jina lako nani? Umeamkaje? Umekula nini jana usiku?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kero yake ya pili. Hospitali nzima ilimuuliza maswali yaleyale, pamoja na jinsi alivyovunjika mkono. Daktari Ritha, ambaye angemuunga mfupa, aliuliza. Mtaalamu wa viungo, aliyemfundisha kuchezesha vidole ili visikakamae, aliuliza. Mfamasia naye aliuliza. Manase akaamua kwamba watu hawa hawaambizani kitu, na mtu akisumbuliwa hivyo ana haki ya kujiburudisha.

Ukweli ni kwamba alianguka na baiskeli akiiendesha bila kushika usukani, ili wasichana waliokuwa wakitoka kisimani wamwone. Walimwona. Aibu hiyo hakutaka kuisema kwa mtu. Kwa Daktari Ritha alisema alifukuzwa na nyati wa msituni. Kwa mtaalamu wa viungo alisema alikuwa akimwokoa mbuzi aliyekwama juu ya mti. Mfamasia alipotaka kujua ni dawa gani humdhuru, alijibu, "Ya mswaki." Emilian alicheka hadi akajishika tumbo, na Manase akajiona fundi wa maneno.

Jioni moja akaja Bwana Haji, mtaalamu wa usingizi, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba kesho yake Manase na Emilian wangefanyiwa upasuaji, na kuanzia usiku ule wasile chochote.

"Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi huku tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu," alisema. "Hapo hatuzungumzii mkono tena wala ngiri. Tunazungumzia uhai."

Manase aliitikia kwa kichwa, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye gauni la upasuaji alilokabidhiwa. Lilikuwa fupi, tena mgongoni lilifungwa kwa vikamba viwili tu. Akaapa kwamba hakuna atakayemwona amesimama nalo.

Alfajiri, Bibi Severina aliingia wodini akiwa ameficha hotipoti chini ya kitenge. Alikuwa amelala kwa ndugu yake kule Mwankoko, na jogoo wa ndugu huyo hakuuona mwaka mpya.

"Shikamoo, bibi," Manase alisema. "Wamesema nisile."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamesema hao ambao hawajui kulima. Watu wakukate mkono una njaa, nguvu ya kupona utaitoa wapi? Hata shambani siwezi kukupeleka na tumbo tupu."

Kifuniko kilipofunguliwa, maonyo ya Bwana Haji yalipeperuka pamoja na mvuke. Manase alilishika paja, akalila hadi mfupa ukawa mweupe. Alipoinua macho, Emilian alikuwa ameketi wima kitandani, akimtazama. Mama yake alikuwa amekwenda kufua.

"Kaka Manase, nitasema."

Manase akampa bawa. Mdomo ulijaa, mdomo ukanyamaza. Bibi alitoka ameridhika, na Emilian akafuta mafuta kwa shuka.

Sista Luciana alipouliza kama wamekula, Manase alijibu, "Hata maji." Emilian naye akatikisa kichwa kukataa. Bwana Haji akauliza, akajibiwa vilevile. Kwa mara ya kwanza Manase alitoa jibu moja kwa watu wote, nalo lilikuwa la uongo.

Aliona hana la kuogopa. Tumbo ni lake, na yeye ni mkubwa. Kisha machela ikasukumwa ndani, ikampita, ikasimama kwa jirani.

"Tunaanza na mdogo," Sista Luciana alisema, akamnyanyua Emilian.

Emilian alimpungia Manase mkono kama anayekwenda harusini. Ndipo Manase akakumbuka maneno ya Bwana Haji. Akilini alimwona yule mtoto akilala usingizi wa dawa, na lile bawa likitafuta njia ya kupanda.

"Sista," alisema, "Emilian amekula."

"Na yule nyati je, naye amekula?" Sista Luciana alijibu bila kusimama. "Tumemzungumzia asubuhi kwenye kikao chetu. Na mbuzi wa juu ya mti pia, na dawa ya mswaki. Leo pumzika, Manase."

Machela ikatoka. Kumbe waliambizana kila kitu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwamini. Manase aliruka kutoka kitandani. Alikimbia ukumbini, mkono wenye banzi kifuani, vikamba vya gauni vimefunguka na upepo ukipita nyuma unakotaka. Akina mama waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Wanafunzi wawili wa kike waliokuja kumwona mgonjwa wao waligeuka, kisha wakageuka tena haraka. Manase hakujali. Aliipita machela, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, akatanua miguu, akalia.

"Nilimpa bawa la kuku. Nilimpa mimi ili asiseme. Msimlaze, atakufa."

Bwana Haji, aliyekuwa ametoka kuipokea machela, aliinama, akavinusa vidole vya Emilian. "Kuku wa kienyeji," alisema taratibu. "Mrudisheni wodini. Wote wawili, hadi kesho."

"Lakini mimi niliambiwa ninyamaze," Emilian alijitetea.

Bibi Severina alipoelezwa, aliketi chini na kujifunika uso kwa kitenge. Hakutaka madhara, alitaka mjukuu apate nguvu. Bwana Haji alichuchumaa mbele yake akamwamkia kwa heshima. "Bibi, kuku wako ni dawa," alisema. "Ila kila dawa ina saa yake, na saa hiyo tuulize sisi."

Kesho yake Emilian alipasuliwa, kisha Manase, na wote waliamka salama. Jioni, Sista Luciana alipokuja kuangalia kama vidole vya Manase vina joto, kijana huyo aliinamisha macho.

"Sista, nilikuwa nimeshawadanganya. Mliniaminije jana?"

"Maneno yako sikuyaamini," Sista Luciana alisema. "Ila kijana wa umri wako hakimbii makalio wazi mbele ya wasichana kwa ajili ya uongo."

Manase alitamani shuka limmeze, lakini alicheka, naye Sista akacheka. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sikiliza, Manase. Daktari Ritha anauliza ili ajue namna ya kukuunga. Bwana Haji anauliza kwa kuwa pumzi yako iko mikononi mwake. Mfamasia asipojua kinachokudhuru, dawa yake inaweza kukuua. Mimi nauliza kwa sababu ndimi ninayekuangalia wengine wakiondoka. Swali ni moja, kazi ni nyingi, na zote zinasimama juu ya jibu lako. Mashine ya kuona mfupa tunayo. Ya kuona ukweli hatuna. Kazi hiyo ni ya mgonjwa, na jana ulipoifanya, ulimponya mtoto kabla ya daktari."