Kioo cha Arobaini na Moja

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya nyaya, na damu ilikuwa imekwishaganda kwenye pembe ya kabati la chuma. Chumba kilikuwa cha uani, kidogo, hakina dirisha, na joto lake lilimkasirisha Inspekta Msumari kabla hajauliza swali hata moja. Waya mkubwa wa umeme ulikuwa umechomolewa ukutani.

Marehemu aliitwa Mwalimu na kila mtu, ingawa ualimu aliuacha miaka kumi nyuma. Tangu hapo kazi yake ilikuwa mashine iliyomo ndani ya kabati lile: seva ya programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, ambayo zahanati yoyote duniani ingeweza kuipakua bure.

"Nani kamkuta?"

"Mimi," mjane alijibu kutoka mlangoni. Hakuwa na chozi. "Saa nne, nilipotoka sokoni. Na muuaji msihangaike kumtafuta. Yule pale, kavaa shati la mume wangu."

Alimnyooshea kidole mdogo wa marehemu, aliyekuwa ameketi barazani akijikuna.

"Shemeji, koma!"

"Nikome nini? Juzi hukusema utachomoa hizi waya na kumng'oa na yeye?"

"Nilisema. Nyumba ni ya baba yetu, na chumba nilikitaka. Kusema ni kusema tu."

"Asubuhi ulikuwa wapi?" Inspekta akaingilia.

"Nimelala."

"Na nani?"

"Na usingizi."

Saa tano akafika msaidizi wa Mwalimu, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama wa Vioo. Alisema alikuwa nyumbani kwake, simu imezimwa, habari kazipata kwa jirani. Mjane alimkata jicho. "Huyu ndiye mke mwenzangu," alisema, "yeye na mashine yake."

Mdomo huponza kichwa. Kufikia jioni mdogo mtu alikuwa mahabusu, na Mkuu wa Upelelezi alikuwa ameshatoa amri: kesho saa nane mchana afikishwe mahakamani kwa mauaji. Kwa shitaka hilo mtu haombi dhamana, anaomba Mungu.

Inspekta hakumpenda kijana yule. Alikuwa mvivu, mjeuri, na jibu lake la usingizi lilikuwa bado linamuwasha. Lakini chuki si ushahidi, na katika jalada lile hakukuwa na kingine. Alama za vidole zilizopatikana chumbani zilikuwa za Mwalimu na za msaidizi wake, waliofanya kazi mle kila siku.

Asubuhi, Koplo, binti aliyesomea kompyuta kabla ya kuvaa sare, aliiwasha mashine akasoma kumbukumbu zake.

"Afande, jana saa mbili na dakika arobaini na moja mtu alifuta kila kitu. Kazi ya miaka kumi. Katumia nywila ya Mwalimu."

"Mdogo wake."

"Nimempa kipanya, afande, akakishika kichwa chini miguu juu. Halafu sikiliza. Dakika kumi baadaye barua pepe ikatumwa kutoka hapa hapa, kwa jina la Mwalimu, kwenda kwa watunza vioo."

"Vioo ndiyo nini?"

Koplo alimweleza. Seva moja haiwezi kulisha dunia nzima. Kwa hiyo watu wa kujitolea, kila mmoja mjini kwake, huweka kompyuta zinazonakili seva mama kila saa, na zahanati hupakua kwa aliye karibu. Hivyo ndivyo vioo. Mama akipata kitu kipya, navyo hupata. Mama akifuta, navyo hufuta. Saa tatu kamili vyote vingekuwa vitupu.

"Barua ilisemaje?"

"'Simamisheni kunakili sasa hivi. Msiguse chochote mpaka niwaambie.'"

Inspekta alisimama. Mtu gani afute kazi yake, kisha azuie isifutike? Labda alijuta. Au labda kwenye kiti kile walikaa watu wawili.

"Vioo viko vingapi?"

"Arobaini na moja." Koplo alihesabu tena kwenye orodha. "Lakini barua zilikwenda arobaini tu."

"Basi hicho kimoja kimefutika."

Koplo alikitazama. "Hapana, afande. Kizima kabisa."

Mtunzaji wa kioo hicho alikuwa mhandisi mstaafu katika mji wa mbali, na simu aliipokea kwa kufoka.

"Mimi barua pepe sisomi! Mwaka wa sita huu nawaambia. Mtu akinitaka anipigie."

"Jana nani alikupigia?"

"Nani mwingine? Mama wa Vioo. Saa tatu kasoro dakika nne. Kasema zima, nikazima. Sasa na nyie mnataka nini?"

Inspekta hakuaga.

Saa sita mchana Mama wa Vioo alikuwa kituoni, mikono mezani.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimeshaandika maelezo."

"Njia ya mwongo fupi, mama. Saa tatu kasoro dakika nne simu yako 'iliyozimwa' iliongea na mhandisi. Kampuni ya simu imethibitisha. Mnara ni wa mtaani kwa Mwalimu."

Aliiondoa mikono mezani.

"Barua ulizituma kwa jina la marehemu. Ungemwacha huyo mzee mkorofi, usingeonekana. Kioo kimoja tu."

"Zahanati mia mbili zinategemea kioo kile!" aling'aka. "Mtandao wao haufiki kwingine. Ningewaachaje?"

Koplo alianza kuandika.

"Alikuwa amechoka kutukanwa," mama alisema. "Watu wanachukua bure, wanamtukana bure. Nilimkuta ameshafuta, anacheka. 'Wataisoma namba,' anasema. Nikamsihi awaambie watunza vioo, akakataa kuachia kiti. Mimi nimevilea vile vioo miaka tisa, hakuna aliyewahi kuniambia asante, na yeye anavimaliza kwa kidole kimoja! Nikamsukuma. Akaanguka."

"Na waya?"

"Nilipoondoka niliuchomoa. Mdogo wake alikuwa ameshatangaza, majirani wote wamesikia."

"Ungemwacha anyongwe."

"Yule? Hajafanya kazi hata siku moja tangu azaliwe."

Inspekta alimchukia kwa sentensi hiyo kuliko kwa mengine yote. "Koplo, kamfungulie yule mvivu, urudi."

Koplo aliporudi alikuta taarifa ya daktari wa maiti imefika, na Inspekta ameshaisoma.

"Daktari anasema Mwalimu hakufa palepale. Alichukua karibu saa nzima. Alisema kitu?"

Mama wa Vioo alitazama meza.

"Aliomba niite gari la wagonjwa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asubiri, bado naandika."

"Ukamaliza kuandika."

"Nikamaliza."

"Ukachukua simu."

"Nikachukua."

"Ukampigia nani?"

Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mhandisi," alisema.